Jiwe la Mugere na Majina Yasiyoandikwa



Wengi wenu mulisikia habari ya msumari. Kila mtu ameisimulia vile alivyopenda. Wengine wanasema mwanafunzi wa kwetu alikamatwa na polisi kule Burundi, wengine wanasema jiwe lilipasuka. Jiwe halikupasuka, na polisi hakufika. Lakini sisi viongozi wa wanafunzi tulikuwapo, tena ni sisi tuliouchukua ule msumari mkononi mwake. Ndiyo sababu Mwalimu wetu wa historia ametuomba tuandike mambo yote katika gazeti letu, si kama rapoti ya adhabu bali kama somo. Basi mulisome kama somo, hata ninyi wa mwaka wa kwanza, maana mtihani wa taifa utawafikia siku moja.

Kwanza safari yenyewe. Sisi wafinalisti tulikuwa thelathini na wawili, pamoja na Mwalimu na mama anayetufundisha Kifaransa. Tulipanda basi asubuhi sana, kabla jua halijatoka juu ya milima ya Burundi. Tulivuka mpaka pale Kavimvira, tukapita Gatumba, tukavuka daraja la Ruzizi tukiangalia chini kama tungeona viboko (hatukuona), tukaingia Bujumbura. Si mbali, ni kama kilometa thelathini tu. Lakini wengi wetu tulikuwa hatujavuka hata siku moja, ingawa taa za Bujumbura tunaziona kila usiku kutoka kwetu.

Kule mjini tulitembelea kwanza makumbusho yanayoitwa Musée Vivant, yaliyoanzishwa mwaka 1977. Hapo kuna nyumba ya kifalme ya Kirundi iliyojengwa kwa kufuata ile ya zamani, kuna ngoma na vyombo vya nyumbani, kuna pia nyoka na mamba. Tunapaswa kusema kweli: nyumba ya mwami tuliitazama dakika kumi, na mamba tuliwatazama saa nzima. Mwalimu alikasirika kidogo.

Ni pale penye vile vyombo ndipo msichana mmoja wa darasa letu alipouliza: "Mwalimu, kwa nini wao wana nyumba ya kuweka vitu vya zamani, na sisi Uvira hatuna?" Mwalimu akajibu: "Swali hilo lishike, tutalirudia." Nasi tutalirudia mbele.

MUGERE

Toka Bujumbura tulishuka kusini kufuata ziwa, kilometa kumi na kidogo, mpaka Mugere. Jiwe liko juu ya kilima, ni mwamba mkubwa kupita nyumba. Juu yake kumechongwa majina mawili, Livingstone na Stanley, na tarehe: 25-XI-1871. Basi, ni hayo tu. Mtu akisimama pale na kulipa jiwe mgongo, anaona ziwa lote la kaskazini, na ng'ambo anaona milima yetu. Tulitafuta Uvira kwa macho tukaiona, nyumba zinang'aa mabati chini ya mlima. Wengine walitaka kulia. Ni ajabu kuona kwenu ukiwa kwa watu.

Kijana mmoja aliyetuongoza alisema: "Ni hapa Stanley alimkuta Livingstone." Tusimlaumu, watu wengi wanasema hivyo. Lakini sivyo. Stanley alimkuta Livingstone Ujiji, karibu na Kigoma, katika nchi ambayo leo ni Tanzania, mwezi wa Novemba 1871. Hapa Mugere walifika pamoja siku chache baadaye, wakalala siku mbili kwa mtawala wa pale, Mukamba. Mukijibu vibaya kwenye mtihani musiseme gazeti halikuwaambia.

Sasa msumari. Wakati sisi viongozi tulikuwa tumesimama mbele ya jiwe tukipigwa picha, mwenzetu mmoja alizunguka upande wa chini. Alikuwa na msumari mrefu wa inchi nne. Tulisikia kwaru, kwaru. Tulipofika alikuwa amekwisha kuchora mistari miwili, mwanzo wa herufi ya jina lake. Tulimnyang'anya msumari, tukamwambia amelitia aibu shule, amelitia aibu kanisa, amelitia aibu Kongo nzima. Akatutazama tu. Kisha akasema:

"Hata wao waliandika. Juu ya nini siye tusiandike?"

Ndugu wasomaji, hatukuwa na jibu. Tulimjibu kwa kelele, lakini kelele si jibu. Hatujui hata kama ni wale wazungu wenyewe waliochonga yale maandishi au ni watu waliokuja nyuma, jiwe lenyewe halisemi. Tulimpeleka kwa Mwalimu. Tuliwaza atamrudisha kwenye basi akae peke yake mpaka jioni. Mwalimu alikwenda kutazama ile mistari, akaifuta na kidole, haikufutika. Ingali pale mpaka leo, na tunaungama kwamba ni ya kwetu. Kisha akatukalisha wote chini ya mti, akasema: "Kijana ameuliza neno la maana kwa njia mbaya. Hesabuni majina juu ya jiwe. Ni mangapi? Mawili. Na ndani ya mtumbwi walikuwa watu wangapi?"

Hakuna aliyejua. Tuliyojifunza ndiyo haya.

MTO UNAINGIA AU UNATOKA?

Mambo hayaanzi mwaka 1871. Yanaanza 1858, tena yanaanza kwetu.

Wakati ule wataalamu wa Uingereza walikuwa wanatafuta chanzo cha mto Nile. Walisikia habari za ziwa refu sana katikati ya Afrika, na za mto ulio kwenye kichwa cha ziwa, upande wa kaskazini. Swali lilikuwa moja: je, mto huo unatoka ziwani kwenda kaskazini, au unaingia ziwani? Kama unatoka, labda ndio Nile. Kama unaingia, basi Nile itafutwe kwingine. Mto huo ni Ruzizi. Ruzizi yetu hii, ambayo mtoto wa Kavimvira anachota maji yake bila kuulizwa na mtu.

Burton na Speke walifika Uvira kwa mitumbwi tarehe 26 Aprili 1858, wakitoka Ujiji. Burton aliandika kwamba Uvira ilikuwa mwisho wa biashara upande wa kaskazini, mahali pa kununua pembe za ndovu, nafaka, nguo za magome ya miti, vitu vya chuma, na watumwa. Tukae kidogo kwenye neno hilo la mwisho. Pale tunapocheza mpira jioni, pale wamama wanapoanika ndakala, watu walifungwa wakapakiwa ndani ya mitumbwi kwenda Ujiji, na kutoka Ujiji kwa miguu mpaka pwani. Hata Kiswahili hiki tunachoandika, mitumbwi ile na misafara ile iliyokuja na nguo na shanga na bunduki ilisaidia kukileta. Hatukupata kufundishwa hivyo tulipokuwa wadogo. Tulifundishwa kwamba Kiswahili ni lugha ya biashara, na tuliwaza biashara ya samaki.

Turudi kwa Burton. Vijana watatu, wana wa mtawala wa Uvira ambaye kitabu kinamwita Maruta, walikuja kumwona. Aliwauliza juu ya mto. Wakajibu wote kwa neno moja: tumefika huko, tunaujua, unaingia ziwani. Burton alivunjika moyo kabisa, maana alitumaini kinyume. Alitaka kwenda kujionea mwenyewe, lakini watu wa Ujiji waliokuwa wakipiga kasia waliogopa watu wa kaskazini, wakakataa. Burton alikuwa mgonjwa, ulimi umejaa vidonda hata kusema ilikuwa taabu. Wakarudi.

Sikilizeni sasa kilichofuata. Burton alirudi Ulaya. Speke alikuwa ameona ziwa lingine, lile la Victoria, akasema Nile inatoka huko. Wakagombana vibaya. Na katika ugomvi ule Burton aliyaacha maneno ya wale vijana wa Uvira, akatetea kwamba Ruzizi unatoka ziwani kwenda kaskazini. Watu watatu waliozaliwa kando ya mto walimwambia ukweli usoni, naye akaona ramani yake ni ya kweli kuliko wao. Tena Speke ndiye aliyekuwa na haki juu ya Victoria, lakini hilo ni somo lingine.

Kwa hiyo mwaka 1871, Ulaya wangali wanauliza: unaingia au unatoka? Livingstone na Stanley waliondoka Ujiji tarehe 16 Novemba. Mtumbwi haukuwa wao, waliazimwa na mfanyabiashara Mwarabu wa Ujiji, Sayd bin Majid. Ndani ya mtumbwi walikuwamo wapiga kasia kumi na sita. Alikuwamo Selim, kijana mkalimani wa Stanley. Alikuwamo Ferajji mpishi. Walikuwamo pia viongozi wa njia, watu wa Ujiji. Walipita upande wa mashariki, wakalala Mugere kwa Mukamba, wakaendelea mpaka kwa Ruhinga, ndugu ya Mukamba, kwenye kichwa cha ziwa. Ruhinga aliwaeleza mito yote inayoingia ndani ya Ruzizi, na kwamba Ruzizi wenyewe unatoka katika ziwa Kivu. Kisha wakapiga kasia mpaka mdomoni mwa mto, kati ya matete na mamba, wakaona maji yanakuja kwa nguvu kuwapinga. Unaingia. Wakarudi kwa upande wetu, wakapita Uvira, wakafika Ujiji tarehe 13 Desemba.

Ni sawasawa na walivyosema wana wa Maruta miaka kumi na mitatu mbele.

Mwalimu wa jiografia ametuomba tuongeze hili: ziwa Kivu liko juu ya bahari kama meta 1,460, ziwa Tanganyika kama meta 770. Tofauti ni karibu meta mia saba. Hakuna maji yanayopanda mlima namna hiyo. Maji ya Tanganyika yanatokea kwingine, katika mto Lukuga, pale Kalemie, na kupitia huko yanaingia mto Kongo. Mzungu wa kwanza kuandika habari ya Lukuga kuwa mlango wa kutokea alikuwa Cameron, mwaka 1874. Watu wa Lukuga, tunadhani, hawakumngojea.

Basi hesabu: watu kama ishirini ndani ya mtumbwi, majina mawili juu ya jiwe. Na watatu waliojua tangu mwanzo, hata kitabu hakitupi majina yao, kinatupa jina la baba tu.

ADHABU

Mwenzetu wa msumari alipewa adhabu, na sisi viongozi tulipewa pamoja naye, maana Mwalimu aliuliza: "Nanyi mulikuwa wapi alipotoa msumari?" Tulikuwa tunapigwa picha. Hakuna utetezi hapo.

Adhabu ilikuwa hii: "Mutaandika majina, lakini si juu ya jiwe. Nendeni kwenye kanisa letu la zamani. Mutafute majina ya watu waliolijenga. Si ya wamisionari, hayo yako ukutani. Ya wengine."

Munalijua kanisa lile. Kuna ubao wa mbao karibu na mlango, una majina ya wamisionari na miaka yao. Wamisionari wa Kipentekoste kutoka Sweden walifika Uvira mwaka 1921, kila mtoto wa shule ya Jumapili anajua hilo. Sisi hatukatai kazi yao. Waliacha kwao, wengine walizikwa huku. Lakini hata sisi tulioimba mbele ya ubao ule tangu tukiwa wadogo hatujauliza siku moja: nani alichoma matofali?

Tulikwenda Jumapili tatu, baada ya ibada. Tulipata wazee wanne na mama mzee mmoja. Wa kwanza, mzee ambaye leo anatembea na fimbo mbili, alitukaribisha uani kwake akacheka: "Wajukuu, munatafuta nini kwangu? Kama ni feza, mumepotea njia."

Tulimweleza. Akanyamaza muda. Kisha akasema (tunaandika vile alivyosema):

"Ile matofali tulichomea kule chini ya mlima. Ile mawe ya musingi ilitoka mutoni, wanaume walibeba na machela. Muchanga, ni wamama, na kichwa, toka ziwani mupaka hapa. Miye nilikuwa mutoto, nilikuwa nabeba maji ndani ya kopo. Kila siku nabeba maji. Sasa wanasema mumisionari fulani alijenga kanisa. Sawa, alijenga. Lakini sikumuona na tofali hata moja."

Tulicheka naye. Halafu akaongeza kwa sauti ya chini kwamba mtu mmoja alianguka toka juu walipokuwa wakiweka mbao za paa, akafa siku ya pili. Tulishika kalamu: "Jina lake, Babu?" Mzee akafunga macho. Alijaribu. Alisema jina moja akalikataa mwenyewe, "hapana, huyo ni mudogo yake." Mwisho akakumbuka jina la utani tu. Walimwita Kasuku, juu alikuwa anasema sana pale kazini na kuchekesha watu. Jina lake la kweli, jina la ubatizo, jina la baba yake, hakuna. Tuliwauliza wazee wengine watatu. Wawili wanakumbuka kwamba mtu alianguka. Jina, hapana. Mmoja anasema hakufa, alipona akarudi kwao Fizi.

Hapo tulijifunza kazi ya historia kuliko katika daftari lolote. Wazee wawili hawapatani. Nani mkweli? Mwalimu alisema: andikeni yote mawili. Andikeni nani alisema, ana umri gani, aliona kwa macho au alisikia kwa mtu, na siku gani alisema. Musichague ninyi. Burton alichagua, mumeona ilikuwaje.

Juu ya wamama tulipata aibu nyingine. Wazee wote walisema "wamama walibeba mchanga," na tulipouliza majina walitupa "mama ya fulani, mama ya fulani." Ni yule mama mzee peke yake aliyeweza kutaja majina yao ya kweli, saba, akihesabu kwa vidole, kwa sababu yeye mwenyewe alikuwa nyuma yao akibeba mtoto wa dada yake. Alituuliza: "Mutaandika kweli?" Tukasema ndiyo. Akasema: "Basi soma nisikie." Tukamsomea mara mbili. Jina moja tuliliandika vibaya, akalisahihisha.

Hatuyachapi majina hayo hapa. Tunangoja familia zikubali, na mengine yanahitaji kuulizwa tena.

SWALI LA YULE MSICHANA

Tuliahidi kulirudia: kwa nini sisi hatuna nyumba ya vitu vya zamani? Jibu la kwanza ni umaskini na vita, na kila mtu analijua. Jibu la pili ni kwamba vitu vipo, ila viko mbali.

Wenzetu Wabembe walijua neno alunga, mask yenye nyuso mbili ya wazee wa Ubembe. Hakuna mmoja kati yetu aliyewahi kuiona. Ziko katika makumbusho ya Ulaya na Marekani, pamoja na vitu vya bwami vya Walega. Tulibishana sana ndani ya basi juu ya jambo hili. Wengine walisema ni heri zilikwenda, ni vitu vya mapepo, mababu wetu walipookoka walivitoa wenyewe. Wengine wakasema kama ni vibaya, kwa nini mzungu aliviweka ndani ya kabati la kioo badala ya kuvichoma? Mama wa Kifaransa alicheka mpaka akashika kiti. Sisi viongozi wenyewe hatukupatana, na mpaka sasa hatupatani.

Lakini kuna jambo moja ambalo basi nzima ilinyamaza. Kusini kwetu, kwenye ufuko huu huu wa magharibi, katika nchi ya Marungu, kuna Mpala. Ofisa mmoja Mbelgiji, Emile Storms, alijenga boma pale mwaka 1883, na mwaka 1885 boma likapewa Mapadri Weupe, likawa misioni. Katikati ya miaka hiyo, mwezi wa Desemba 1884, watu wa Storms walimshambulia mtawala mmoja jina lake Lusinga, wakamuua, wakamkata kichwa. Lusinga hakuwa malaika, aliuza watumwa. Storms alikichukua kichwa kile, akakipeleka Ubelgiji. Fuvu la Lusinga limewekwa Bruxelles katika taasisi ya sayansi ya viumbe. Na sanamu ya mti iliyokuwa kwake, sanamu nzuri inayopigwa picha katika vitabu vingi, iko katika makumbusho ya Tervuren. Storms naye alichongewa sanamu ya shaba katika bustani moja ya Bruxelles. Ilikaa pale miaka mingi, wakaitoa mwaka 2022.

Mwaka huo huo wa 2022, mwezi wa Juni, mfalme wa Ubelgiji alileta Kinshasa mask moja ya Wasuku, ikawekwa katika makumbusho mapya ya taifa yaliyofunguliwa mwaka 2019. Hakuileta kama kurudisha, aliileta kama mkopo usio na mwisho. Tulimwomba Mwalimu aeleze namna gani mtu anakukopesha kitu cha kwenu. Akasema hilo wamwulize mwalimu wa biashara.

Kwa upande wetu Waprotestanti, magofu makubwa ya ziwa hili yako mbali kabisa kusini, Niamkolo, karibu na Mpulungu nchini Zambia. Ni kanisa la mawe la wamisionari wa London, lililojengwa miaka ya 1890, likaachwa mwaka 1908 kwa ajili ya ugonjwa wa malale. Kuta na mnara vingali vimesimama. Tungependa kufika, lakini hatuna mtumbwi wa Sayd bin Majid.

MAJI

Kuna sababu ya haraka yetu. Munajua wote jinsi maji yalivyopanda. Mwezi wa Aprili 2020 mto Mulongwe ulifurika ukaua watu wengi na kuangusha nyumba, na wengine kati yetu walipoteza ndugu usiku ule. Kisha ziwa lenyewe likaanza kupanda, na mwaka 2024 likapanda tena, likaingia Kalundu hata bandarini, likaingia nyumba za ufukweni, watu wakahama na mabati yao kichwani. Kanisa la zamani maji hayakulifikia, lakini yalifika karibu na ukuta wa kiwanja, na ukuta una ufa ambao haukuwapo.

Si mara ya kwanza. Stanley aliporudi Ujiji mwaka 1876, alikuta michikichi mitatu iliyokuwa sokoni mwaka 1871 sasa imesimama ndani ya maji, mbali na nchi kavu. Ziwa lilipanda hivyo kwa sababu mlango wa Lukuga ulikuwa umezibwa na matope na majani. Miaka michache baadaye mlango ukafunguka, maji yakashuka sana. Kwa hiyo ufuko alioshukia Burton si lazima uwe huu tunaoukanyaga. Mtu asije kutuonyesha mahali akasema "ni hapa hasa." Labda ni majini, labda ni juu barabarani kwenye taksi.

Na mzee wa fimbo mbili ana miaka themanini na mitano. Jumapili ya tatu tulimkuta amelala, homa. Amepona, Mungu asifiwe. Lakini tulirudi nyumbani tukitembea haraka.

DAFTARI

Mpaka tunapoandika ukurasa huu tumepata majina ishirini na sita: mafundi wanne, wachoma matofali tisa, wamama saba wa mchanga, wabebaji wa mawe watano, na mtoto mmoja wa kopo, ambaye ni mzee mwenyewe. Kasuku tumemwandika kwa jina la utani na alama ya kuuliza, na chini yake maneno ya wazee wote watatu.

Daftari liko katika biro ya Mwalimu wa historia. Lina jalada la kijani. Mwenzetu wa msumari ndiye anayelitunza, na mwandiko ndani yake ni wake. Kama nyumbani kwenu kuna babu au nyanya aliyekuwapo, au aliyesikia kwa mzazi wake, mwulizeni kabla ya likizo, muandike na tarehe, mumletee. Tunatafuta zaidi mtu wa Fizi, au mtoto wa mtu wa Fizi, ambaye baba yake alifanya kazi ya paa Uvira, alikuwa anasema sana, na alianguka.

Viongozi wa wanafunzi, wafinalisti